Bamba la Chuma katika Bustani ya Babu

Ndugu zangu, mama zangu, nawashukuru kwa kuniita. Leo namzungumzia babu wa mke wangu, Mmarekani mweusi aliyetumikia Vikosi vya Ujenzi vya Jeshi la Majini katika Vita Kuu ya Pili.

Nilipokwenda kujitambulisha kwake, hakuniuliza kazi yangu wala ukoo wangu. Alinipeleka bustanini. Pale palisimama mabamba ya chuma yaliyojaa matundu, maharage yamepenya humo na kujisokota hadi juu. Jingine lilikuwa limelala majanini. "Linyanyue," akaniambia. Nililinyanyua kwa shida, nikalirudisha chini upesi. Bamba hilo lina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 30. Ukiyapachika mengi pamoja kwa ndoano zake, unapata njia ya kurukia ndege hata juu ya matope. Babu aliyapakua melini huko visiwa vya Pasifiki.

Kabla ya vita, Jeshi la Majini la Marekani liliwatumia makandarasi wa kiraia kujenga ng'ambo. Desemba 1941 Wajapani wakakiteka kisiwa kiitwacho Wake, katika Pasifiki, na mafundi zaidi ya 1,000 wakaangukia mikononi mwao. Raia akishika bunduki vitani, sheria haimlindi kama inavyomlinda askari. Oktoba 1943, mafundi 98 waliobakizwa kisiwani waliuawa wote. Admirali Ben Moreell, mkuu wa ujenzi wa jeshi hilo, alikuwa amekwisha kuomba mafundi waandikishwe jeshini, akapewa ruhusa tarehe 5 Januari 1942. Kutokana na herufi C na B za jina la vikosi kwa Kiingereza, Construction Battalions, wakaitwa Seabees, nyuki wa baharini. Kaulimbiu yao: tunajenga, tunapigana. Hadi vita vinakwisha, watu kama 325,000 walikuwa wamepitia humo. Wale wa mwanzo wengi walikuwa watu wazima, waashi, maseremala na madereva wa matingatinga walioiva katika kazi zao.

Kuhusu Guadalcanal, kisiwa kingine cha Pasifiki, naomba mnivumilie kidogo. Batalioni ya 6 ilifika huko Septemba 1942, na uwanja wa ndege wa Henderson ulikuwa ukishambuliwa kila mara. Wale mafundi wakakaa wakapiga hesabu: shimo la bomu la ratili 500 linameza udongo kiasi gani, linaharibu mabamba mangapi? Malori yakapakiwa udongo mapema, yakafichwa kando ya uwanja. Mabomu yakishaanguka, wanatoka handakini mbio. Watu 100 waliweza kutengeneza palipopigwa kwa dakika 40. Fikirieni rubani aliye juu, mafuta yanamwishia, anawatazama watu wenye sepetu wakimtengenezea pa kutua.

Lakini jeshi lilibagua. Weusi wengi, Babu akiwamo, waliwekwa katika batalioni maalumu za kupakua shehena, chini ya maafisa weupe. Kuna wanaodhani hiyo ilikuwa kazi ya nyuma, mbali na risasi. Katika kisiwa cha Peleliu, Septemba 1944, batalioni maalumu ya 17 ilishuka siku ya kwanza ya mapigano, ikabeba risasi kwenda mbele na majeruhi kurudi ufukweni. Mimi siioni tofauti kati ya watu hao na askari.

Batalioni ya 34, ya weusi pia, ilirudi California baada ya miezi 20 visiwani. Hata hapo walinyimwa vyeo, wakawekewa wasimamizi weupe. Machi 1945, huko Port Hueneme, watu kama 1,000 wakasusa chakula siku mbili. Baadaye mkuu wao akaondolewa.

Siku moja nilimuuliza Babu kuhusu susio hilo. Alikuwa anachuma maharage, bakuli kaliweka juu ya lile bamba. Alinyamaza muda mrefu.

"Chakula walikiacha," akasema. "Kazi hawakuiacha hata saa moja."

Akachuma kidogo, kisha akanitazama. "Hata saa moja," akarudia.