Nani anakumbuka? Maneno kwa wazazi, wiki chache kabla ya Krismasi

Haya jamani karibuni, mliosimama huko nyuma, mbele viti bado vipo, na watoto waacheni tu wazunguke, humu ndani wote ni wazazi kelele tumezizoea.

Nianze na maswali, msijibu kwa sauti. Nyumbani kwenu nani anajua sasa hivi, bila kuuliza mtu, mtoto wenu mdogo anavaa kiatu namba ngapi? Siku ya kufunga shule anatakiwa abebe nini, nani anajua? Mwaka jana mlimpa bibi yao zawadi gani, ili mwaka huu msije mkampa ileile? Kama majibu yote yanaangukia kwa mtu mmoja, basi huyo ndo nimekuja kumzungumzia, na kama amekaa hapo pembeni yako naomba umgeukie umwangalie kidogo.

Maana tukisema wiki za kabla ya Krismasi zinachosha tunahesabu vile vinavyoonekana tu, kununua, kusafisha, kupika, kusafiri, kupanga pa kulaza wageni, na huku kazi za ofisini zinataka zifungwe kabla mwaka haujaisha na shule nazo zina mitihani na sherehe zao humohumo. Ni kweli hivyo vinachosha. Lakini mimi nimekuja kusema kuna kazi moja iko chini ya hizo zote, haionekani kwa macho, haina mwanzo wala mwisho, nayo ni kazi ya kukumbuka. Na hiyo kazi kwenye nyumba nyingi imekaa kwenye kichwa kimoja.

Mimi nimejifunza hii kitu kwa kuumia, ngoja niwaambie. Mwaka juzi, wiki ya pili ya Desemba, nimerudi kazini usiku namkuta mke wangu anaosha vyombo na simu kaibana kwa bega anaongea na mtu. Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, mama nikusaidie nini? Akamaliza kuongea, akakausha mikono, akakaa kimya kwanza. Halafu akasema, baba, hata kukuambia cha kufanya nayo ni kazi.

Niliumia kusema kweli. Mimi nilikuwa najiona baba anayeshika kazi, nikitumwa naenda, nikiambiwa beba nabeba, watoto nawafuata shule, taa napanda juu ya meza nafunga. Sasa kosa langu liko wapi? Usiku ule tukakaa kitandani nikachukua daftari nikamwambia haya nitajie kila kitu kilichomo kichwani mwako kuhusu hizi wiki mbili, mimi naandika, nikidhani nusu saa inatosha kabisa.

Kurasa mbili zikajaa ndugu zangu. Sio "kununua nguo", hapana. Ilikuwa hivi, mtoto wa kati Alhamisi anaigiza shuleni anatakiwa shati jeupe, shati lake jeupe limeshambana kwapani, la kaka yake lina doa, kwa hiyo linunuliwe kabla ya Jumatano lakini ajaribishwe kwanza maana mabega yake mapana. Mgeni mmoja mgongo unamsumbua asilazwe kwenye godoro la chini. Binamu wawili hawaelewani tangu mwaka jana wasilazwe chumba kimoja. Jirani alitutunzia ufunguo tuliposafiri, hatujamshukuru mpaka leo. Dawa za mama yangu, mama yangu mimi, zinaisha tarehe 23 na baada ya hapo kupata daktari ni shida mpaka sikukuu ipite. Halafu katikati ya ukurasa wa pili akasema, na shangazi yako hajapigiwa simu tangu afiwe.

Shangazi yangu, ndugu wa damu wa baba yangu, na alikuwa kwenye kichwa cha mke wangu, sio changu.

Baadaye nikaanza kusoma, nikakuta watu wameshalichunguza hili jambo zamani. Kuna mwanaanthropolojia wa Marekani anaitwa Micaela di Leonardo, mwaka 1987 aliandika kuhusu kitu alichokiita kazi ya undugu, yaani kupiga simu, kutuma kadi, kupanga ziara, kuandaa sikukuu, kuamua ni ndugu gani wa kumfuata na yupi mmwache kidogo. Akaonyesha kwamba kazi hii wanaifanya wanawake, na wanaifanya hata kwa ndugu za waume zao, na watu hawaihesabu kama kazi, wanaiona ni upendo tu unaojitokea wenyewe. Mimi nilivyosoma pale nikamkumbuka shangazi.

Halafu mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger alitoa utafiti, alihoji wenzi, jozi 35, kila mtu peke yake, akaigawa hii kazi ya kichwani vipande vinne. Kuona mapema kwamba kitu kitahitajika. Kutafuta njia za kukipata. Kuamua. Na kufuatilia kama kimefanyika. Nisikilizeni hapa maana hapa ndo penyewe, kile kipande cha kuamua wengi walikuwa wanakifanya pamoja, lakini kuona mapema na kufuatilia vilimwangukia zaidi mwanamke. Ndo maana sisi wanaume tunasema kwa dhati kabisa "mbona tunaamua wote", na ni kweli tunaamua wote, ila tunaletewa mezani kitu kilichoshaonwa, kimeshatafutwa, kimebaki kusema ndiyo au hapana, na tukishasema ndiyo tunaondoka, mwenzetu anabaki kukifuatilia.

(Nasema mwanaume na mwanamke kwa sababu utafiti ndo umesema hivyo na kwangu ilikuwa hivyo. Zipo nyumba baba ndo anabeba, zipo nyumba ni bibi, zipo za mzazi mmoja, hao nitawafikia.)

Sasa hizi wiki kwa nini ziumize kuliko wiki nyingine? Kwanza ni fupi kuliko tunavyodhani. Tunasema Majilio, kile kipindi cha kanisa cha kuisubiri Krismasi, ni wiki nne lakini angalieni kalenda, yanaanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo yanaweza kuanza popote kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2022 yalianza tarehe 27 Novemba tukapata siku 28. Mwaka 2023 yakaanza tarehe 3 Desemba, Jumapili ya nne ikaangukia tarehe 24 yenyewe, siku 22 basi. Karibu wiki nzima imepotea na mipango ni ileile.

Pili, sisi binadamu kukadiria muda hatujui. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo waliokuwa wanaandika tasnifu, utamaliza baada ya siku ngapi, kwa wastani wakasema kama 34. Wakaambiwa haya sasa fikirieni kila kinachoweza kuharibika kiharibike, wakasema karibu 49. Walimaliza kwa siku kama 55 au 56. Yaani hata walipoweka mabaya yote bado walijidanganya. Mimi mwaka jana nilichukua kazi ya kulaza wageni nikasema jioni moja inatosha, zikaenda jioni tatu, maana kumbe godoro moja tulimwazima mtu, na mashuka ya kutosha hayakuwepo, na kumuuliza mgeni unafika saa ngapi ni meseji moja lakini jibu linakuja baada ya siku mbili na hizo siku mbili zote unalo kichwani.

Hilo la kuwa nalo kichwani ndo linaloiba usingizi. Chuo Kikuu cha Baylor huko Marekani mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake waliwalaza vijana 57 maabara, kabla ya kulala wakawapa dakika tano za kuandika, nusu waandike waliyoyamaliza siku hizo, nusu waandike yanayowasubiri. Walioandika yanayowasubiri walilala mapema kuliko wenzao kwa kama dakika tisa, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndo alivyowahi zaidi. Mimi ningedhani ingekuwa kinyume, kwamba ukiandika shida zako zitakukesha, kumbe karatasi ikishika kichwa kinaachia.

Na watoto jamani, watoto na swali lao, bado siku ngapi, bado siku ngapi, asubuhi wameuliza jioni wanauliza. Mwaka 1839 kule Hamburg, Ujerumani, alikuwepo mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini na hao watoto walikuwa wanamuuliza swali hilohilo. Akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe minne ya Jumapili, kila siku unawashwa mmoja. Ndo shada la Majilio lilivyoanza. Wengi wakisimulia hapo wanaona urembo, mimi naona mzazi aliyechoka kuwa kalenda ya watu wengine. Alilitoa jibu kichwani mwake akaliweka mahali ambapo hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mwenyewe.

Sisi tumefanya hivyohivyo. Kurasa zile mbili tulizitoa kwenye daftari tukazibandika ukutani jikoni, kwa urefu wa macho ya mtoto. Halafu tukagawana, na hapa naomba mnielewe vizuri maana mwaka wa kwanza tulikosea. Tuligawana vipande. Mimi naambiwa nenda kanunue shati. Naenda, napiga simu niko dukani, mikono mirefu au mifupi? Saizi gani? Hakuna jeupe kabisa kuna la maziwa nichukue? Yaani shati nimelibeba mimi, kichwa bado kinatumika cha mwenzangu. Ikabidi tubadili, mtu anachukua jambo zima, kuanzia kuliona mpaka kulifuatilia. Onyesho la shule ni langu, basi barua za shule zinakuja kwangu, shati langu, muda wangu, kumshukuru mwalimu langu.

Na nikalikosea. Mwaka jana barua ilisema watoto wawe wamefika saa moja kabla, mimi sikuisoma mpaka chini, tukafika wenzake wameshapangwa na mwanangu akawekwa pembeni. Alilia. Mke wangu aliiona ile barua mezani siku tatu kabla, aliniambia baadaye, alitamani kunikumbusha akajizuia, kwa sababu akinikumbusha jambo linarudi kwake. Nilimuomba mtoto msamaha mwenyewe, nikazungumza na mwalimu mwenyewe. Ile siku nilielewa mwenzangu miaka yote alikuwa anaishi na hofu gani, kwamba ukisahau wewe hakuna mwingine wa kukumbuka na anayelipa ni mtoto.

Kwa mnaobeba sasa, na ninyi nina neno, naliomba kwa heshima. Ukimpa mtu jambo zima mwachie alifanye anavyojua. Zawadi nilizofunga mimi pembe zake zilikuwa zimevimba na gundi inaonekana, mke wangu alizikuta akazipita. Angezifungua azifunge upya ningeacha kufunga, na mwaka huu angefunga yeye.

Watoto nao wanaweza kuliko tunavyodhani. Wa kwetu wa miaka tisa alichukua mashuka, kuhesabu vitanda, kuhesabu mashuka, kusema yamepungua mangapi, na alisema mapema kuliko mimi ambavyo ningesema.

Mengine tuliyafuta tu. Kadi tumeziacha. Mwajua kadi ya Krismasi ya biashara ilianzaje? Mwaka 1843 London, Henry Cole alikuwa mtu wa shughuli nyingi, barua za marafiki zimemlemea, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ichapwe nyingi, amalize. Ilikuwa njia ya kupunguza kazi! Na leo nyumba ngapi kadi imegeuka kazi yenyewe. Sisi tumepiga simu sita kwa watu sita, basi.

Sasa ninyi mnaolea peke yenu, najua mmekaa hapo mnasema huyu anasema tugawane, tugawane na nani. Karatasi bado inakufaa, tena wewe ndo inakufaa zaidi. Na ndugu au rafiki akikuuliza nikusaidie nini, usimpe kipande, mpe jambo zima, mwambie wageni wa tarehe 24 ni wako kuanzia kituoni mpaka kitandani, mimi sitakuuliza kitu. Wengi wanaouliza wana nia kweli, wanakosa tu pa kushika.

Haya. Chini ya viti vyenu kuna karatasi na kalamu, waliokuja na wenza wao wapeane migongo kwanza. Dakika tano, andikeni kila mnachokumbuka kuanzia leo mpaka tarehe 25, usiandike "nguo", andika nguo ya nani, ipi, lini. Halafu mgeukiane mbadilishane karatasi msome kimya, msijitetee. Yule mama pale dirishani aliyenyoosha mkono tutaanza na swali lake tukimaliza. Simu tuweke chini, haya, andikeni.