Namna ya Kumlea Buu wa Chonga Anapogeuka Kuwa Bundo

Assalaamu alaykum, ndugu watazamaji, na karibuni. Buu mnayemwona kwenye beseni hili ni wa chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe ambaye wenye minazi hapa Pemba wanamjua kwa kutoboa kilele cha mnazi na kula makuti machanga kabla hayajachanua. Ametoka ndani ya gogo la mnazi lililooza, mahali ambapo majike hupenda kutaga, na sasa yumo katika umri wa tatu na wa mwisho wa ubuu: mwili mnene mweupe uliojikunja kama ndoana, kichwa cha rangi ya kahawia, na miguu sita mifupi karibu na kichwa. Nitaeleza jinsi ya kumtunza tangu anapoacha kula, anapogeuka kuwa bundo, yaani ile hali ya kutulia iliyo kati ya buu na mbawakawa, mpaka anapokuwa mbawakawa kamili. Mtaona kwamba kazi karibu yote hufanywa mapema, kwa sababu akishaanza kugeuka, ni machache mno ambayo mkono wa binadamu unaweza kumfanyia bila kumdhuru.

Hatua ya kwanza ni chombo na udongo wake. Tafuta kopo pana la plastiki linaloonyesha ndani, la lita tatu hivi kwa buu mmoja, kisha toboa matundu madogo kwenye kifuniko. Usiwaweke mabuu wawili pamoja wakati huu, kwani mmoja anaweza kukibomoa chumba ambacho mwenzake amejijengea udongoni ili ageukie humo, katika kutambaa kwake. Udongo wenyewe ni unga wa gogo la mnazi lililooza, uliochanganywa na samadi kongwe ya ng'ombe ambayo haitoi tena joto wala harufu. Samadi mbichi huchacha, na joto lake humuua buu. Pitisha mchanganyiko wote kwenye chekeche ili uondoe tandu, sisimizi na vijiti, halafu unyunyize maji kidogo kidogo huku ukigeuza. Kipimo cha unyevu ni hiki: kamata gao moja na ulikamue kwa nguvu, likishikana bila kudondosha hata tone, limefaa. Likichuruzika, lianike kivulini kwa muda. Likimeguka mara tu unapofungua kiganja, liongeze maji.

Sasa tazama namna ninavyojaza kopo. Tabaka la chini, lenye kina cha sentimita nane hadi kumi, nalishindilia kwa ngumi mpaka liwe gumu, na juu yake naweka tabaka jingine bila kulikandamiza. Wengi hulipuuza jambo hili, nao ndio hulalamika baadaye kwamba mabuu wao wanageuka juu juu, penye hewa na mwanga. Buu huhitaji udongo ulioshikana ili kuta za chumba chake zisiporomoke. Ikiwa unamhamisha kutoka chombo cha zamani, chukua na sehemu ya udongo wake wa zamani pamoja na vile vidonge vya kinyesi chake, ili asikutane na mazingira mageni ghafla.

Hatua ya pili ni kuzitambua dalili. Mlete buu karibu na mwanga, lakini umbebe juu ya kifuu chenye udongo na usimbane kwa vidole. Buu anayekula bado huonekana na kivuli cheusi nyuma ya mwili, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na chakula kilichomo tumboni huonekana kupitia ngozi hiyo. Anapokaribia kugeuka hutoa kinyesi chote, kivuli kile hupotea, na mwili hugeuka kuwa wa manjano yaliyofifia, ukaanza kufanya makunyanzi. Miguu hulegea na mwendo huwa mzito. Baadhi yao hutangatanga juu ya udongo kwa siku kadhaa, na hapo ni lazima kuwa mwangalifu, kwani buu mwenye rangi nyeupe na tumbo lililojaa naye hutangatanga iwapo udongo umechacha, umekauka au umefurika maji. Yule wa manjano mwache. Huyu mweupe mbadilishie udongo siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu ni kutulia. Buu hujizungusha mahali pamoja, akazikandamiza kuta kwa mwili wake na kuzipaka kinyesi, mpaka kinapatikana chumba laini kwa ndani chenye umbo la yai refu. Ukiwa na bahati atakijenga kando ya ukuta wa kopo, nawe utamwona bila kuchimbua chochote. Funika kopo kwa kitambaa cheusi, uliweke chumba chenye kivuli, mbali na jokofu linalotetema na mbali na mikono ya watoto, ambao kwa tabia yao hutaka kulitikisa ili waone kama mdudu yu hai. Sisimizi ni adui mkubwa kuliko wote. Liweke kopo juu ya jiwe katikati ya sahani ya maji. Usipulize dawa ya wadudu chumbani humo, wala usichome dawa ya mbu. Unyevu ukipungua, nyunyizia maji pembezoni tu, usiyamimine katikati, kwani chumba kikijaa maji bundo hawezi kupumua kupitia vitundu vya ubavuni mwake.

Baada ya wiki moja au mbili za kulala hivyo, ngozi ya buu hupasuka mgongoni na kusukumwa nyuma, na bundo hutokea akiwa mweupe na laini mno. Katika siku zinazofuata rangi yake huwa ya machungwa, kisha ya kahawia. Pembe na mabawa huonekana yakiwa yamekunjwa kifuani, na dume hutambulikana kwa ala ndefu ya pembe. Hali hii huchukua wiki tatu au nne. Joto la kaskazi huiharakisha na baridi ya kusi huichelewesha. Bundo aliye hai huzungusha tumbo lake anapoguswa na mwanga au mtikisiko, ila usifanye mchezo wa kumjaribu kila jioni. Akiwa na mabaka meusi yanayobonyea na harufu mbaya, amekufa. Akifunikwa na ukungu wa kijani, huenda ameuawa na kuvu wa Metarhizium, ambaye hutumiwa makusudi kupambana na mbawakawa hawa kwenye minazi. Udongo huo utupe na kopo lioshwe vyema kwa sabuni.

Itokee chumba kimevunjika, usifadhaike. Kama bado ni buu na ana nguvu ya kutambaa, mrudishe juu ya udongo naye atajenga upya. Ikiwa amekwisha kunyooka na hatembei tena, au ameshakuwa bundo, mtengenezee chumba cha bandia. Chukua lile sponji gumu la kijani ambalo wapambaji wa harusi huchomekea maua, liloweke, likamue, kisha uchimbe kwa kijiko shimo la urefu wa sentimita saba au nane na upana wa nne, lenye kuta laini na upande wa kichwa ulioinuka kidogo. Mlaze chali kwa kutumia kijiko, ufunike kwa kifuniko chenye matundu. Udongo mwekundu uliokandwa na kushindiliwa unafaa pia, na kwa maoni yangu hushika unyevu kwa utulivu zaidi.

Hatua ya mwisho ni kutoka kwake. Bundo hujigeuza kifudifudi, ngozi hupasuka, na mabawa ya juu hutokea yakiwa meupe, yakawa mekundu, mwishowe meusi. Usimguse wakati huo, kwani mabawa yaliyovurugwa kabla ya kukauka hubaki yamekunjamana maisha yake yote. Atakaa chumbani wiki mbili hadi tatu nyingine mpaka gamba ligumike, kisha atachimba njia mwenyewe. Akishatoka mpe ndizi mbivu au kipande cha muwa, na funga kopo barabara, kwa kuwa usiku huruka kufuata taa. Usimwachie huru karibu na shamba la minazi la mtu yeyote. Ukiwa na jike aliyekutana na dume, chekecha udongo wake kila baada ya wiki mbili, na mabuu usiowahitaji uwape kuku kabla hujaupeleka udongo huo bustanini.