Jinsi ya Kuchagua Njia Yenye Mandhari kwa Safari ya Gari Porini

Kilomita 180 ukiziona kwenye ramani utadhani ni safari ya asubuhi moja. Porini zinaweza kula siku nzima. Video hii ni ya kazi ya mezani: kuichambua njia kabla hujawasha gari.

Hatua ya kwanza, msimu. Watu wengi huanza na picha nzuri, halafu wanalazimisha tarehe zifuate picha. Wewe anza na mvua na theluji. Gibb River Road ya Australia, yenye kilomita zipatazo 660, ni kivutio kikubwa wakati wa kiangazi, lakini mvua zikianza, mito hufurika na sehemu zake hufungwa. Njia ikiwa na mwezi mmoja tu wa mashaka kabla au baada ya tarehe zako, tafuta nyingine.

Hatua ya pili, picha za setilaiti. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo njia inapojieleza. Vuta karibu mpaka uone alama za magurudumu. Ukikuta njia moja imegawanyika kuwa michirizi mitatu au minne inayokwenda sambamba, kisha ikaungana tena, jua hapo pana tope au mchanga, na madereva wamekuwa wakikwepa. Ukiona vichaka vimeota katikati, haipitiwi sana. Mto ukikatiza njia, angalia kingo zote mbili: je, njia inatokea ng'ambo palepale, au inaambaa na ukingo kwa mita 200 ikitafuta pa kuvukia? Programu ya Google Earth kwenye kompyuta ina picha za miaka iliyopita, kwa hiyo linganisha ya kiangazi na ya wakati wa mvua. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 husomba hata magari makubwa. Kivuko usichokijua kina chake kiandike kwenye mpango kama mahali pa kugeuzia, usikihesabu kama mahali pa kupitia.

Ramani ya OpenStreetMap nayo huzipa njia za vumbi daraja 1 hadi 5. Daraja hilo linahusu ugumu wa ardhi: 1 ni ngumu, 5 ni laini. Halikwambii lolote kuhusu ukubwa wa mawe, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Hatua ya tatu, mteremko. Chukua ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita moja ni mita 500. Tuseme mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, imepishana kwa mita 20 za kimo. Weka rula juu ya njia: ikiwa ndani ya sentimita moja njia imekata nafasi tano kati ya kontua, umepanda mita 100 kwa mwendo wa mita 500, yaani asilimia 20. Juu ya mawe yanayoteleza, hapo panataka gia nzito na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Urefu kutoka usawa wa bahari pia una gharama yake. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwenye njia ya Pamir nchini Tajikistan, kipito cha mlimani cha Ak-Baital kiko kwenye mita 4,655. Gari lililojazwa mizigo litaanza kulalamika mapema.

Hatua ya nne, geuza kilomita ziwe saa. Turudi kwenye zile 180. Lami kilomita 60 kwa mwendo wa 70: dakika 51. Changarawe kilomita 80 kwa mwendo wa 40: saa 2. Mawe kilomita 40 kwa mwendo wa 12: saa 3 na dakika 20. Jumla ni saa 6 na dakika 11. Ongeza theluthi moja ya kusimama, kupiga picha, na kupunguza au kujaza upepo wa tairi: unazidi saa 8. Siku imekwisha.

Hatua ya tano, mafuta. Dalton Highway ya Alaska, kutoka Coldfoot hadi Deadhorse, ina kilomita zipatazo 386 bila kituo cha mafuta. Gari linalotumia lita 14 kwa kilomita 100 kwenye lami, liongezee asilimia 30 kwa changarawe: lita 18.2. Utahitaji lita 70, na akiba ya robo inakufikisha 88. Tangi la lita 80 halitoshi, beba dumu la lita 20. Ukiwa na mpango wa kugeuka njiani kabla ya kufika Deadhorse, hesabu kwenda na kurudi.

Hatua ya sita, upande wa kuanzia. Mwamba unaotazama mashariki hupendeza asubuhi. Alasiri unakuwa kivuli kitupu. Ukiendesha kuelekea magharibi jioni, jua kwenye kioo chenye vumbi linakuficha mawe. Na kama njia ni ya mzunguko, sehemu mbaya kuliko zote ipange uipande, usiishuke. Mahali pa kupanda pakikushinda, unarudi nyuma taratibu. Lakini usishuke mteremko usioweza kuupanda: ukikuta njia imefungwa mbele, umenasa bondeni.

Mwisho, tia alama kila mahali pa kutokea kwenda barabara kubwa. Zikipita kilomita 100 bila njia ya kutokea, ongeza maji na siku moja ya akiba. Pakua ramani zifanye kazi bila mtandao, hifadhi faili la GPX, yaani faili lenye njia yako ya GPS, kwenye vifaa viwili, na nakala mwachie mtu wa nyumbani pamoja na siku na saa ya kuanza kukutafuta asiposikia kutoka kwako.