Mwajiri Mdogo na Faili Lake

Ndugu wafanyabiashara, habari za asubuhi. Nianze na habari ambayo baadhi yenu hamtaipenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haikuwawekea wenye biashara ndogo mlango wao wa pembeni. Mwenye kiwanda cha watu mia tatu na mwenye saluni ya dada mmoja wanasomewa vifungu vilevile vya mkataba, likizo na kuachisha kazi. Tofauti yao ni kwamba mwenye kiwanda ana ofisa wa rasilimali watu anayetunza mafaili. Wewe una droo ya kaunta.

Utetezi ninaousikia sana ni huu: "Yule si mfanyakazi wangu, ni deiwaka." Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi wewe uthibitishe vinginevyo, likionekana hata jambo moja tu kati ya kadhaa: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vitendea kazi, anakutegemea wewe kwa kipato, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Nimesema kwa mwezi, si kwa wiki. Kijana anayekuja kupakua saruji dukani kwako kutwa nzima, siku mbili kila wiki, ameshavuka hapo.

Wapo wanaokwepa kuandika mkataba wakiamini kwamba pasipo karatasi hapana kesi. Mambo ni kinyume kabisa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, jinsia na anwani yake, mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Kesi ikifika mbele na huna maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wako. Akisema mlikubaliana laki sita na wewe unasema laki tatu na tisini, wa kuhangaika kutafuta ushahidi ni wewe.

Tuichukue hiyo 390,000, maana kwenye hesabu ndiko watu wanakoumia. Muuzaji wako anafanya kazi siku 6, saa 45 kwa wiki, na hicho ndicho kikomo cha saa za kawaida. Jedwali la kwanza la sheria hiyohiyo ya ajira linasema mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki. Nne nukta tatu tatu tatu mara sita ni 26, kwa hiyo siku yake moja ni 15,000. Ukitaka ya saa, zidisha 4.333 kwa 45, unapata 195, na saa moja ni 2,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000, na isizidi saa 50 katika wiki 4. Akifanya kazi sikukuu, saa ni 4,000.

Wengi hugawa kwa 30 na kupata 13,000. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ngoja umwachishe kazi baada ya miaka 4. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa hesabu sahihi ni 420,000. Kwa ya kugawa 30 ni 364,000, na hiyo tofauti ya 56,000 ndiyo nauli yako ya kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kujibu madai.

Kuhusu upungufu wa fedha dukani, mwenye duka hukata tu mwisho wa mwezi. Hapana. Kwanza mweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mnaijua: asilimia 20 kwa jumla, na cha kumkata yeye hakizidi 10. Ila WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni wa mwajiri peke yake. Usimkate hata shilingi.

Sasa kuachisha kazi. Hata kama mwizi umemshika mkono ndani ya droo, sheria inauliza mambo mawili: sababu ilikuwa halali? Utaratibu ulifuatwa? Na wa kuthibitisha yote mawili ni mwajiri. Utaratibu wenyewe hauhitaji wakili. Chunguza kwanza, andika ulichokiona. Mpe barua ya tuhuma kwa lugha anayoielewa, na muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa. Mruhusu aje na mwenzake wa kumsaidia. Andika muhtasari wa kikao, kisha mpe uamuzi wenye sababu na umweleze haki ya kukata rufaa. Panapoharibika ni kwenye kiti cha mwenyekiti: mwenye duka ndiye aliyemkamata, ndiye anayemshtaki, na ndiye anayehukumu. Ushauri wangu ni kwamba mwombe mtu mzima wa nje, asiyehusika na tukio, aongoze kikao.

Na "alitoroka mwenyewe" haitoshi. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa kubwa, lakini mtafute, mpigie, peleka barua kwenye anwani iliyo kwenye faili, na utunze nakala yenye saini ya aliyeipokea. Kama anwani hukuiandika siku ya kwanza, hapo ndipo utajua ilikuwa ya nini.

Aliyeachishwa ana siku 30 kufungua mgogoro CMA, na siku 60 kwa madai mengine. Fomu namba 1, ile ya kufungulia mgogoro, ikikufikia usiitupe ukingoje wito mwingine. Usipofika kwenye usuluhishi, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua bila wewe.

Kuna mama hapo mbele ameuliza kuhusu dada wa nyumbani. Ndiyo mama, naye anahusika. Mkataba, siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na siku akiondoka, cheti cha utumishi. Maelezo yake ya ajira yatunze kwa miaka 5 tangu aondoke.