Nani Alikiandika Kitabu cha Velten?

Walimu wangu, na nyinyi wanafunzi, asanteni kwa kuja. Nadharia itafuata, kwanza tukitazame kitabu.

Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu kiitwacho *Desturi za Wasuaheli*. Kiko kwa Kiswahili: mtoto anavyozaliwa, anavyotiwa jando, mke anavyoposwa, maiti anavyozikwa. Kilitoka kwa jina la Carl Velten, Mjerumani mtaalamu wa Kiswahili. Lakini mengi yaliyomo yameandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa akisomesha Kiswahili Berlin. Velten alikusanya, akapanga, akapeleka kwa mchapaji. Basi mwandishi ni yupi?

Februari 1969, jijini Paris, Michel Foucault aliwauliza wanafalsafa wenzake mwandishi ni nini hasa. Alisema jina la mwandishi lina kazi kubwa kuliko kumtaja aliyeshika kalamu: hukusanya maandishi chini ya mtu mmoja, huyapa hadhi, tena hutuonyesha wa kukamatwa yakileta fitina. Hapo nakubaliana naye kabisa. Jina la Velten liliyafanya maneno ya Bagamoyo kuwa elimu mbele ya vyuo vya Ulaya. Mtoro akahesabiwa mtoa habari.

Tatizo langu ni pale Foucault alipomalizia, akitamani siku ambayo tutauliza tu: kuna haja gani ya kujua nani anasema? Haja ipo, na ni kubwa. Mwaka 1904 Mtoro alimuoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikakataa wasiteremke. Mtu aliyeieleza pwani yetu kwa kalamu yake, ngoma kwa ngoma, alirudishwa Ujerumani na mkewe bila kuikanyaga! Alifia Berlin mwaka 1927. Maneno yake yalipokelewa, mwenyewe akakataliwa, na jina la mwingine juu ya kitabu lilirahisisha jambo hilo. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba msemaji hana maana.

Tafsiri ya Kiingereza ya 1981 ndiyo iliyomtaja Mtoro kwenye kichwa cha kitabu, yeye “na Waswahili wengine”. Ni haki iliyochelewa. Ila mimi hayo maneno “na wengine” hunikera kuliko kutajwa kwa Velten. Kitabu kinaeleza pia wasichana wanavyowekwa unyagoni. Mwanamume haingii humo. Yaani kuna mwanamke, kungwi au aliyechezwa, aliyesimulia. Habari ikapita mikono kadhaa hadi ikafika kwenye karatasi. Bado namwita Mtoro mwandishi, kwa sababu yeye ndiye aliyeyapa mambo hayo mpango na lugha, naye ndiye ambaye watu wa Bagamoyo wangemfuata mlangoni kumuuliza, “Mbona umesema hivi?” Uandishi kwangu ni kuwa tayari kujibu swali hilo. Lakini makungwi wale nao wangekuwa na haki ya kumuuliza nani alimpa ruhusa, na majina yao hayamo kwenye jalada la 1903 wala la 1981.

Karibuni maswali.