Gruvu la rafu kwenye msumeno wa meza

Ndugu mafundi, karibuni. Leo tuna kazi moja tu: gruvu, yaani mfereji, linalokatiza nyuzi za ubao, lile ambalo ubavu wa kabati hulipokelea rafu.

Unapopasua ubao kwa kawaida, bledi hutokeza juu na unaiona. Kwenye gruvu, ubao wenyewe ndio unaoifunika. Mkono unatulia juu yake pale pale meno yanapopita chini, kwa kuwa hakuna kinachoonekana cha kuogopwa. Siku ubao ukirushwa nyuma, kifuniko kimeondoka na mkono umebaki juu ya meno. Kwa hiyo sukuma kwa vibao vyenye mshikio na mpira chini, na vidole visivuke mstari wa bledi hata ubao uwe mnene namna gani.

Sasa bledi. Seti ya gruvu ina bledi mbili za nje, vipasuzi vya kati, na washa nyembamba za kurekebisha upana. Chomoa waya ukutani kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Panga vipasuzi ili meno yake yakae kwenye mabonde ya bledi za nje, yasigusane na meno mengine, kisha uvitawanye kuzunguka shafti ili mzunguko usiyumbe. Nati ishike nyuzi zake zote, yaani zile hesi za kufungia. Isiposhika, punguza kipasuzi. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kurudisha waya.

Mashine nyingi zina shafti fupi isiyopokea seti hiyo. Hapo ndipo mtu anapofunga bledi tatu za kawaida pamoja. Hapana, hilo tusilifanye kabisa! Hazikutengenezwa kukaa ubavu kwa ubavu: meno hugongana, vipenyo havilingani sawasawa, na nati hubaki imeshika nyuzi mbili tatu.

Tumia bledi moja na upite mara kadhaa. Pima plaiwudi yenyewe kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, maana inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi haifiki. Tuseme umepata 17.4 na bledi inakata 3. Kata ukingo wa kwanza, sogeza fensi (ukingo wa kuongozea ubao ulio sambamba na bledi) milimita 14.4, kata ukingo wa pili, kisha umalize katikati. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa: rafu iingie kwa kusukumwa na kiganja, si kwa nyundo. Vijituta vinavyobaki chini, patasi inaviondoa.

Kina cha milimita 6 kinatosha ubao wa 18. Kwa mti mgumu, mninga kwa mfano, pita mara mbili, 3 kisha 3, hasa ukitumia seti pana, kwani inang'oa mbao nyingi kwa mpigo na mota ikilemewa ubao hurushwa.

Kinga ya juu mara nyingi itabidi iondoke. Kisu cha nyuma, kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kikiwa hakizidi urefu wa meno, kiache. Kikizidi kitazuia ubao, kitoe. Lakini kirudishe kabla hujapasua ubao mwingine wowote.

Kuna swali ambalo halikosi: je, fensi na geji ya pembe, ile inayoteleza mezani ikiushikilia ubao kwa pembe, zitumike pamoja? Kwenye kupasua hadi chini ni marufuku, kwa sababu kipande kilichokatika hunaswa kati ya bledi na fensi, nacho hurushwa. Kwenye gruvu hakuna kipande kinachokatika, kwa hiyo inakubalika, mradi fensi iwe sambamba na bledi. Ubao mrefu na mwembamba usiusukume kwa fensi peke yake huku ncha yake fupi ndiyo inayoigusa. Utageuka pembe na kubana. Geji ndiyo inayouzuia.

Gruvu likitoka na kina kisicho sawa, chunguza ubao: huenda umejikunja na katikati yake haikugusa meza. Ukingo wa nyuma ukimeguka, weka kibao cha kuegemea nyuma yake.

Na gruvu lisilofika ukingoni? Usiuangushe ubao juu ya bledi inayozunguka. Funga kizuizi kwenye fensi, sukuma hadi ubao ukigonge, zima mashine ukiwa umeushikilia, na usiuinue mpaka bledi isimame kabisa. Mwisho wa gruvu utabaki umepinda kwa sababu ya umbo la bledi. Uchonge mraba kwa patasi.