Piano Juu ya Lori

MPWA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Tuko Langoni, Lamu, barazani kwa mjomba wangu, na punda wakipita mtawasikia. Mjomba, umeshikilia leo tumzungumzie John Houseman.

MJOMBA: Wa aleikum salaam. Nimeshikilia kweli. Huyu alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 1974, umri miaka 71, kwa filamu ya The Paper Chase. Na kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa mtayarishaji. Anatafuta pesa, anatafuta ukumbi, anazozana na wakubwa, ili wengine wapate pa kuigizia.

MPWA: Alianzia huko huko kwenye maigizo?

MJOMBA: Hata! Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Kazaliwa Bucharest, Romania, 1902, kasomeshwa Uingereza, kisha Marekani akiuza ngano. Mwaka 1929 soko likaporomoka, biashara ikafa. Ndipo akaingia kwenye tamthilia. Mwaka 1936, mjini New York, serikali ikiwalipa wasanii wasio na kazi, yeye na mwongozaji Orson Welles wakatoa Macbeth, mchezo wa Shakespeare, pale mtaa wa Harlem, waigizaji wote weusi. Welles alikuwa na miaka 20 tu.

MPWA: Lakini kisa unachokipenda ni kile cha mwaka uliofuata.

MJOMBA: Kile hunitoa machozi, mwanangu. Juni 1937. Mchezo wa nyimbo kuhusu wafanyakazi na chama chao, The Cradle Will Rock, uko tayari, tiketi zimeuzwa. Mara amri ya serikali: hakuna kufungua. Milango ikawekewa walinzi, mavazi na mapambo yamebaki ndani. Na chama cha waigizaji kikawakataza watu wake kupanda jukwaani. Houseman mchana kutwa yuko kwenye simu, anasaka ukumbi. Piano imeshakodiwa, inazungushwa mjini juu ya lori, dereva hajui ataiteremsha wapi!

MPWA: Ya Rabi.

MJOMBA: Jioni ukumbi ukapatikana, mbali, mitaa kama 20. Watazamaji wakaenda kwa miguu, na waigizaji pamoja nao. Mtunzi akakaa jukwaani peke yake na piano, akaanza kuimba. Basi mwanamke mmoja akainuka huko huko kitini, kati ya watu, akaipokea sehemu yake. Kisha mwingine, kisha mwingine. Waliambiwa wasipande jukwaani. Hawakuambiwa wasisimame vitini.

MPWA: Baadaye yeye na Welles wakaanzisha kikundi chao cha tamthilia, Mercury Theatre, wakafungua na mchezo wa Julius Caesar. Ule ambao Mwalimu Nyerere alitupa kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari.

MJOMBA: Huo huo. Na 1953 Houseman akautayarisha tena kama filamu, Marlon Brando akiwa Antoni. Mwaka 1968 akaanzisha idara ya uigizaji pale Juilliard, chuo cha sanaa cha New York. Mwigizaji Kevin Kline alikuwa mwanafunzi wake.

MPWA: Sasa kamera ilimpataje?

MJOMBA: Mwongozaji James Bridges aliwahi kufanya kazi chini yake kwenye tamthilia. Alihitaji mtu wa kucheza profesa mkali wa sheria, akamkumbuka bosi wake. Mtazame mle ndani. Hapigi kelele. Anamwangalia mwanafunzi, ananyamaza, na yule mtoto anatoka jasho. Mimi nasema utulivu ule kaupata kwa kukaa gizani miaka karibu arobaini akiwatazama wenzake.

MPWA: Niseme au nisiseme?

MJOMBA: Sema, si siri tena.

MPWA: Wasikilizaji, mjomba wangu huyu, tangu nazaliwa, ndiye anayeazima viti na jenereta kwa michezo ya vijana wa mtaani. Mwezi ujao, kwa mara ya kwanza, anacheza. Atakuwa babu anayegoma kuuza shamba lake la minazi.

MJOMBA: Nimekubali, na moyo unanidunda. Lakini viti nitavipanga mwenyewe, saa kumi, kabla ya kuvaa. Kuna bibi hasikii vizuri, lazima akae mbele.